Wawindaji wa kale walikula nini hasa?

Wawindaji-wakusanyaji ni watu wanaoishi kwa kuwinda, kuvua, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali, bila kulima wala kufuga. Hadi miaka kama 12,000 iliyopita binadamu wote waliishi hivyo. Walitapakaa kuanzia fukwe za Afrika Kusini hadi nyika za baridi za Ulaya, kwa hiyo anayekuuzia "mlo wa mababu" mmoja, nyama tele na wanga marufuku, umuulize kwanza: mababu wa wapi, na msimu gani?

Sifa ya nyama imetokana sana na kile kinachodumu ardhini. Mfupa hudumu; kiazi, jani, tunda na asali huoza. Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, kwenye tabaka la miaka kama milioni 1.8, ipo mifupa ya wanyama yenye mikwaruzo ya visu vya mawe, na mingine imepasuliwa ili kutoa uboho. Kwamba nyama ililiwa, hakuna ubishi. Lakini Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, kwenye eneo la zamani zaidi kidogo, waliochimba wamekuta pia kambare, kobe wa majini na mamba wenye alama hizohizo za kukatwa. Hao hawamo kwenye mabango ya wauza mlo.

Mimea huacha ushahidi mdogo sana, na wataalamu wamejifunza kuutafuta. Kwenye pango la Border Cave, mpakani mwa Afrika Kusini na Eswatini, yamepatikana mashina ya ardhini yenye wanga yaliyoungua motoni miaka 170,000 hivi iliyopita. Watu waliyachimba, wakayabeba hadi pangoni, wakayachoma. Kaskazini mwa Msumbiji, kwenye pango la Ngalue, zana za mawe za miaka kama 100,000 zimekutwa na chembe za wanga wa mtama-pori. Na kando ya Ziwa Galilaya, huko Israeli, kipo kituo kiitwacho Ohalo II, cha miaka 23,000, ambacho kilifunikwa na maji kikahifadhika vizuri ajabu. Humo mna punje za shayiri na ngano za mwituni, mifupa ya samaki, na jiwe la kusagia lenye mabaki ya nafaka. Kilimo kilikuwa bado zaidi ya miaka 10,000 mbele.

Hata Waneanderthali, binadamu wa kale wa jamii iliyokwisha kutoweka, ambao mifupa yao huko Ulaya ina kemia inayokaribiana na ya wanyama walao nyama, hawakuishi kwa nyama pekee. Ukoga uliogandamana kwenye meno yao, kwenye pango la Shanidar huko Iraki, ulikuwa na chembe za nafaka-pori za jamii ya shayiri, nyingine zikionyesha dalili za kupikwa.

Kwetu wapo Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, na baadhi yao bado wanaishi kwa pori. Tusiwageuze mabaki ya zama za mawe: ni watu wa leo, wana mishale ya chuma, na wamebanwa na wafugaji na wakulima pande zote. Hata hivyo wanatuonyesha pori la Afrika Mashariki linavyoweza kulisha watu. Wanawake hutoka kwa kundi, kila mmoja na mti wake uliochongwa ncha, wakachimba mizizi iliyojificha katikati ya mawe. Huichoma motoni dakika chache tu, kisha huimenya na kuitafuna. Mizizi mingine ina nyuzi ngumu kiasi kwamba mtu hunyonya utomvu na wanga, halafu hutema makapi. Ubuyu hutwangwa kwa jiwe pamoja na mbegu zake, unga wake ukakorogwa na maji. Matunda madogo ya porini yakiiva, watu hula hayo karibu kutwa nzima, na siku mwindaji akirudi mikono mitupu kambi hailali njaa.

Wenyewe walipoulizwa wanapenda nini zaidi, wanaume kwa wanawake walitaja asali. Mizizi ilikuwa ya mwisho, ingawa ndiyo inayopatikana mwaka mzima. Asali wanairina mara nyingi kwa msaada wa mlembe, ndege anayewaita watu kwa sauti na kuwatangulia hadi kwenye mti wenye nyuki. Huliwa pamoja na majana yaliyomo ndani ya masega, na hayo yana protini na mafuta. Ukihesabu nguvu inayoingia mwilini, asali si kitafunwa cha kupitisha muda: ni sehemu kubwa ya chakula chao, na ni sukari.

Nyama nayo ina mpaka wake. Ini la binadamu haliwezi kushughulikia protini bila kikomo. Anayekula nyama kavu isiyo na mafuta, siku baada ya siku, hudhoofika na kuharisha hata akishiba. Ndiyo maana uboho, ubongo na mnyama aliyenona vilithaminiwa, na ndiyo maana Wainuiti wa Aktiki, ambako mimea ya kula ni haba, waliishi kwa mafuta ya sili na nyangumi pamoja na nyama yake.

Wapo pia wanaodai kwamba watu wa kale hawakuugua meno. Pango la Taforalt, huko Moroko, linawaumbua. Wawindaji-wakusanyaji wa miaka kama 15,000 iliyopita walikula mbegu za mialoni na za misonobari kwa wingi, na karibu nusu ya meno yao ya ukubwani yameoza.

Mwili wenyewe umeweka kumbukumbu. Mate yetu yana kimeng'enya cha kuvunja wanga, na idadi ya nakala za jeni inayokitengeneza hutofautiana kati ya mtu na mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha jamii zinazokula wanga mwingi na zinazokula kidogo. Wahadzabe waliwekwa kundi moja na Wajapani, kwa sababu ya mizizi yao. Majirani zao Wadatoga, wafugaji wa maziwa na nyama, waliwekwa kundi la wanga kidogo. Kwa wastani, kundi la Wahadzabe lilikuwa na nakala nyingi zaidi.