Julia Addington: mwalimu wa kijijini aliyechaguliwa kusimamia shule za kaunti bila kuwa na haki ya kupiga kura

Mwezi Oktoba 1869 wananchi wa Kaunti ya Mitchell, iliyo kaskazini mwa jimbo la Iowa nchini Marekani, mpakani na Minnesota, walipiga kura kumchagua msimamizi wa shule wa kaunti yao. Kura zilipohesabiwa, wagombea wawili walikuwa wamelingana, ikabidi mshindi apatikane kwa bahati nasibu, na bahati ikamwangukia mwalimu wa kike aitwaye Julia C. Addington. Waliompigia walikuwa wanaume watupu, kwa sababu katika Iowa ya wakati ule mwanamke hakuwa na haki ya kupiga kura. Hata mgombea mwenyewe hakuweza kujipigia. Hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kushika wadhifa wa umma katika jimbo hilo, na wapo wanaosema kwamba hakuna aliyemtangulia popote nchini Marekani. Dai hilo la pili ni vizuri kulipokea kwa tahadhari, maana katika jimbo la Maine anatajwa Olive Rose, aliyechaguliwa kuwa msajili wa hati za ardhi wa kaunti mwaka 1853.

Kabla ya kuendelea, inafaa kueleza wadhifa huo ulikuwa wa namna gani, kwa kuwa msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuelewa visivyo. Mkenya anajua kaunti 47 zilizoundwa na Katiba ya 2010, lakini kaunti hizo hushughulika na chekechea na vyuo vya ufundi, wakati walimu wa shule za msingi na sekondari huajiriwa na tume ya kitaifa. Mtanzania naye anamjua afisa elimu wa halmashauri, ambaye ni mtumishi wa serikali anayepangiwa kituo na kuhamishwa. Iowa, yenye kaunti 99, ilikuwa na utaratibu mwingine kabisa. Tangu mwaka 1858 kila kaunti ilikuwa na msimamizi wa shule, ambaye alichaguliwa na wapiga kura kama alivyochaguliwa mkuu wa polisi au mweka hazina, naye ndiye aliyeamua nani anafaa kuwa mwalimu na nani hafai. Bila cheti chenye saini yake, hakuna aliyeweza kufundisha katika shule ya umma ndani ya kaunti na kulipwa kwa fedha za umma.

Addington alizaliwa katika jimbo la New York mwaka 1829, na kama familia nyingi za kizazi chake, alisogea magharibi kwa hatua, akapitia Wisconsin hadi Iowa, akaishia Stacyville, makazi madogo katika Kaunti ya Mitchell. Ardhi waliyoifikia walowezi hao haikuwa tupu. Ilikuwa nchi ya mataifa ya Wenyeji wa Amerika, ambayo serikali ilikuwa imeyaondoa kwa mikataba ya shinikizo katika miaka ya 1830 hadi 1850. Baada ya hapo wapima ardhi waliikata nchi katika miraba yenye maili 6 kila upande, iliyoitwa taunishipi, na kila taunishipi ikagawanywa katika vipande 36 vya maili moja ya mraba, yaani ekari 640 kwa kila kipande. Kipande namba 16 kilitengwa kwa ajili ya shule, kufuatana na sheria ya ardhi ya mwaka 1785. Mara nyingi kipande hicho kiliuzwa na fedha zake zikaingizwa katika mfuko wa elimu, kwa hiyo asidhani mtu kwamba shule zote zilijengwa juu yake. Hata hivyo mpango huo ulihakikisha kwamba fungu la shule lilikuwepo kabla hata mtoto wa kwanza hajafika.

Shule zenyewe zilikuwa za chumba kimoja, na mwanzoni mwa karne ya 20 Iowa ilikuwa na zaidi ya 12,000 za aina hiyo. Zilisambazwa ili mtoto asitembee zaidi ya maili mbili hivi, jambo ambalo lilieleweka vizuri zaidi mwezi Januari, theluji ilipofunika njia, kuliko lilivyoeleweka mwezi Juni. Katikati ya chumba palikuwa na jiko la chuma la kuni au makaa ya mawe. Karibu na mlango palikuwa na ndoo ya maji yenye kata moja iliyotumiwa na wote. Na mbele, karibu na meza ya mwalimu, palikuwa na benchi refu ambalo wanafunzi wa ngazi moja waliitwa kuketi ili watoe somo walilolikariri, huku wengine wakiandika kwenye vibao vyao. Mtoto wa miaka 5 anayejifunza herufi alikaa chumba kimoja na kijana wa miaka 18 aliyerudi shuleni kwa sababu mavuno yamekwisha. Mwalimu ndiye aliyefagia, ndiye aliyewasha moto kabla watoto hawajafika, na katika wilaya nyingi za shule, yaani maeneo madogo yaliyoendesha shule zao wenyewe, alilala kwa zamu katika nyumba za wazazi, wiki hapa na wiki kule, chakula na malazi vikihesabiwa kuwa sehemu ya malipo yake.

Zamani kulikuwa na desturi ya kuajiri mwanamume kwa muhula wa baridi, kwa hofu kwamba wavulana wakubwa wangemshinda mwanamke, na mwanamke kwa muhula wa kiangazi, wavulana hao walipokuwa shambani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliivuruga desturi hiyo. Iowa ilipeleka vitani wanaume wapatao 76,000, na takribani 13,000 kati yao walikufa, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Vyumba vya madarasa vilibaki mikononi mwa wanawake, kiangazi na baridi, na wavulana wakubwa wakaonekana kuwa wanatawalika. Vita vilipokwisha wanawake hawakuondoka, na ukweli usiopendeza ni kwamba wilaya za shule hazikuwa na haraka ya kuwaondoa, kwa sababu waligharimu kidogo. Ripoti za mwaka za jimbo ziliweka mishahara ya walimu wa kiume na ya walimu wa kike katika safu mbili tofauti, na mtu yeyote anayezifungua leo huona pengo hilo bila kuhitaji kupiga hesabu.

Hapo ndipo mambo mawili yalipokutana. Kazi ya ualimu ilikuwa imeshakuwa ya wanawake kwa wingi, lakini anayewatahini na kuwakagua walimu alikuwa bado mwanamume, pengine wakili au mchungaji aliyekuwa na kazi nyingine na ambaye hakuwahi kusimama mbele ya watoto 30 wa umri mbalimbali katika chumba chenye moshi. Kwa maoni yangu, ushindi wa Addington hauelezeki vizuri kwa kusema tu kwamba wanaume wa Mitchell walikuwa wapenda maendeleo kuliko wenzao. Walikuwa wazazi na walipa kodi, walitaka shule ziende, na walikuwa na mgombea aliyeijua kazi. Harakati za haki za wanawake zilikuwepo na zilikuwa zinakua, lakini katika sanduku la kura la kijijini hoja ya uzoefu ilikuwa na uzito wa pekee.

Baada ya uchaguzi likazuka swali ambalo sheria haikulijibu moja kwa moja: je, mwanamke anaweza kisheria kushika wadhifa huo? Msimamizi wa elimu wa jimbo, A. S. Kissell, alilipeleka swali kwa mwanasheria mkuu wa Iowa, Henry O'Connor. O'Connor alianza na Katiba ya jimbo, akaona kwamba haikumzuia mwanamke kushika nafasi hiyo. Akaenda kwenye sheria ya shule, akaona kwamba nayo haikutaja jinsia kama sharti, na kwamba pale ilipotumia lugha ya kiume ilikuwa inamzungumzia mtu yeyote mwenye sifa. Hitimisho lake lilikuwa kwamba Addington anastahili. Ni muhimu kuona mipaka ya maoni hayo. Hayakumpa mwanamke haki ya kura, wala hayakuwa hukumu ya mahakama. Yalisema tu kwamba mlango huu mmoja haukuwa umefungwa na mtu yeyote.

Kazi aliyoianza ilikuwa ya mahesabu, mitihani na barabara. Msimamizi aliwatahini waombaji wa ualimu katika tahajia, kusoma, kuandika, hesabu, jiografia na sarufi, na vyeti alivyotoa vilidumu kwa mwaka mmoja tu, kwa hiyo walimu walewale walirudi mbele yake tena na tena. Alipaswa pia kuzitembelea shule akiwa kwa farasi au mkokoteni, kukusanya takwimu kutoka kwa makatibu wa wilaya za shule na kuzituma kwa jimbo, na kuwakutanisha walimu katika mafunzo ya muda mfupi. Mafunzo hayo, ambayo kuanzia miaka ya 1870 yalikuwa wajibu wa kila kaunti, yalikuwa kwa wengi wao chuo pekee cha ualimu walichopata kukiona, kwa kuwa msichana wa miaka 17 aliyemaliza shule ya chumba kimoja mwezi Machi aliweza kuwa mwalimu wa shule ya jirani mwezi Mei. Malipo ya msimamizi yalihesabiwa kwa siku alizofanya kazi, utaratibu uliowafanya madiwani wenye kubana fedha za kaunti kuhoji siku nyingi za safari, na kumwacha msimamizi achague kati ya kwenda shule ya mbali na kuwaridhisha wanaoshika mkoba.

Maoni ya O'Connor yalitosha kwa miaka michache. Mwaka 1875 Elizabeth S. Cook alichaguliwa kuwa msimamizi wa shule wa Kaunti ya Warren, kusini mwa Des Moines, mji mkuu wa jimbo, naye aliyeshindwa, Huff, akaenda mahakamani kudai kwamba mwanamke hana sifa ya kushika wadhifa huo. Mahakama ya chini ikakubaliana naye. Bunge la jimbo likaingilia kati kwa kasi isiyo ya kawaida: mwaka 1876 lilitunga sheria iliyotamka kwamba mtu hatakosa sifa ya wadhifa wowote wa shule kwa sababu ya jinsia yake, na kwamba aliyekwisha kuchaguliwa kuwa msimamizi hatanyang'anywa nafasi hiyo kwa sababu hiyo. Mahakama ya Juu ya Iowa ikampa Cook ushindi. Addington hakuiona sheria hiyo, kwa kuwa alikuwa amefariki mwaka 1875.

Kwa anayetaka kufuatilia maisha ya aina hii, ushauri wetu ni kutoanza na wasifu uliochapishwa. Vitabu vya historia za kaunti vya miaka ya 1880 vilitoa kurasa nyingi kwa wafanyabiashara na maofisa wa jeshi, mara nyingi kwa sababu wahusika walinunua nakala, na mwalimu wa kike akapata mistari michache. Mahali penye taarifa ni kwenye daftari la vyeti, ripoti za mwaka za msimamizi na kumbukumbu za vikao vya kaunti vilivyojadili madai yake ya malipo. Humo utamkuta mtu akifanya kazi, siku kwa siku.

Katika kaunti inayopakana na Mitchell upande wa kusini, Floyd, alikuwa anakua msichana aitwaye Carrie Lane, aliyekuwa na umri wa miaka 10 Addington alipochaguliwa. Alifundisha ili ajilipie ada ya chuo, akahitimu mwaka 1880, na mwaka 1883 akawa msimamizi wa shule za mji wa Mason City. Dunia inamfahamu zaidi kwa jina la ndoa, Carrie Chapman Catt, kiongozi wa chama kikuu cha kudai kura kwa wanawake mwaka 1920, marekebisho ya 19 ya Katiba ya Marekani, yaliyokataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya jinsia, yalipoidhinishwa. Wadhifa wa msimamizi wa kaunti, ambao kufikia wakati huo ulikuwa umeshikwa na wanawake wengi katika majimbo ya magharibi ya kati, uliendelea Iowa hadi katikati ya miaka ya 1970, ulipofutwa na kazi zake kukabidhiwa mashirika ya elimu ya kanda.