Shokapu ya Mbele ya Baiskeli: Maneno ya Kijiweni na Ukweli Wake

Ukienda Kariakoo kutafuta shokapu ya mbele ya baiskeli ya mlimani, muuzaji atakuonyesha jambo moja kabla hujauliza lolote. Atabana breki ya mbele, atakandamiza usukani kwa uzito wake wote, kisha atauachia ghafla. Usukani utaruka juu. "Umeona, kaka? Laini kama godoro."

Watu wengi wa Dar hununua kwa kipimo hicho. Mimi nimepanda vilima vya Pugu kwa miaka kadhaa, na shokapu za aina hiyo nimezipanda pia. Naandika kwa sababu fedha inayopotea hapa ni ya watu waliojinyima ili waipate, na maneno yanayowapotosha ni yale yale kila duka.

"Ikibonyea na kuruka, ndiyo nzima"

Kule kuruka ndiko kasoro yenyewe. Kumbuka daladala lililochoka shokapu: likivuka tuta moja, linaendelea kudunda mara tatu nne huku abiria wakishikilia mabomba. Springi za gari hilo bado ni nzima kabisa. Kilichokufa ni mafuta ya ndani ya shokapu, yaliyokuwa yanaizuia springi isirudi kwa kasi.

Baiskeli nayo ni hivyo hivyo. Springi, iwe ya chuma au ya upepo, hupokea kishindo na kukitunza. Isipokuwepo kazi ya mafuta yanayopita kwenye vitundu vidogo na kugeuza nguvu hiyo kuwa joto, springi itakurudishia kishindo chako chote. Ukiwa unateremka njia ya mizizi na mawe kuelekea Kisarawe, kurudishwa huko kunaliinua tairi la mbele kutoka ardhini pale pale unapotaka likushikie kona.

Shokapu nyingi zinazokuja na baiskeli za bei ya chini hazina mafuta hayo. Ndani mna springi, grisi na vipande vya raba. Suntour XCT, ambayo utaikuta kwenye baiskeli nyingi sana hapa mjini, ni mfano mzuri: miguu yake ya juu ina unene wa milimita 28, uzito ni kama kilo 2.5, na matoleo yake mengi hayana mafuta ya kupunguza kasi ya kurudi. Kwa lami na vumbi jepesi inatosha. Lakini ukiitoa hiyo na kuweka nyingine yenye umbo tofauti na tumbo lile lile, umenunua rangi.

Unachotafuta ni kirungu kidogo, mara nyingi chekundu, chini ya mguu wa kulia. Hicho ndicho kinachoamua kasi ya kurudi. Kizungushe hadi mwisho upande mmoja, kandamiza, achia. Kizungushe hadi mwisho upande wa pili, rudia. Mwendo wa kurudi usipobadilika, ama kidude cha ndani kimekufa au mafuta yameisha. Katika shokapu za bei ya kuvumilika, RockShox Judy na Recon, Suntour Raidon na Manitou Markhor zina udhibiti huo. Kwangu mimi, shokapu isiyo na kirungu hicho haistahili kuitwa maendeleo, hata ingeuzwa nusu bei.

"Ilimradi saizi ya tairi ni moja, itaingia tu"

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, na yangu imo. Niliwahi kununua uma (ile miguu miwili inayoshika tairi la mbele, pamoja na shokapu yake) mzuri kabisa wa mtumba kwa tairi la inchi 26, baada ya kuhakikishiwa kwamba "hii inaingia kila baiskeli". Nyumbani fundi aliutazama mara moja tu akaniambia, "Mdogo wangu, shingo hii na ile haziongei." Bomba la uma lilikuwa limenenepa kwa chini, na fremu yangu ilikuwa ya bomba lililonyooka. Muuzaji alikataa kubadilisha.

Kwa hiyo, kabla ya kutazama bei, pima shingo, yaani sehemu ya mbele ya fremu inayopokea bomba la uma. Fundi mwenye kalipa (kifaa cha kupimia unene) atakufanyia kwa dakika chache. Bomba la uma linaloingia ndani ya fremu lina aina tatu utakazokutana nazo Dar. Ya kwanza ni bomba jembamba la milimita 25.4 lenye nyuzi kwa juu, ambalo hukazwa kwa nati kubwa. Ziko nyingi kwenye baiskeli za zamani za mtumba. Ya pili ni bomba lililonyooka la milimita 28.6, lisilo na nyuzi, ambalo stemu (kipande kinachoshika usukani) hulibana kwa nje. Ya tatu ni lile lililonenepa: juu milimita 28.6, chini inchi 1.5.

Shokapu nzuri za leo hazina nyuzi. Kama fremu yako ni ya bomba la nyuzi la milimita 25.4, bomba la milimita 28.6 halitaingia kwenye shingo hiyo, na ni afadhali uambiwe hivyo sasa: fedha ya shokapu iweke iwe mwanzo wa fremu nyingine. Kama bomba lako ni la nyuzi lakini nene, la milimita 28.6, inawezekana, ila ongeza kwenye hesabu vikombe vipya vya shingo (vinavyobeba beringi) na stemu mpya.

Kwa bomba lililonenepa, pima tundu la shingo ya fremu kwa ndani, vikombe vikiwa vimetolewa. Likiwa na milimita 34 juu na chini, achana na uma huo. Likiwa na milimita 44, unaweza kuupokea kwa kutumia kikombe cha chini kinachokaa nje ya fremu. Kinyume chake ni rahisi: uma wa bomba lililonyooka unaingia kwenye fremu ya shingo nene kwa kutumia pete ya kupunguzia.

Halafu urefu wa bomba. Uma wa mtumba umeshakatwa kwa kipimo cha fremu ya mtu mwingine. Jumlisha urefu wa shingo yako, vikombe na stemu, kisha linganisha. Likipungua sentimita moja, usimruhusu mtu akuungie kipande kwa kuchomelea. Nimeona kazi hiyo ikifanywa kando ya barabara, ikapigwa msasa na kupakwa rangi ikapendeza. Bomba hilo ndilo linalobeba kifua chako ukiwa kwenye mteremko, na mara nyingi ni la alumini, ambayo ikipata moto wa kuchomelea hupoteza ugumu wake pale pale kwenye kiungo. Likikatika, usukani unabaki mkononi na tairi linaondoka.

Bado ekseli na breki. Haba, yaani kitovu cha tairi, ya kawaida ya zamani ina ekseli ya milimita 9 inayobanwa kwa kifyatuo. Shokapu nyingi mpya zinataka ekseli ya milimita 15, na upana wa haba ni ama milimita 100 au 110. Ukikosea hapo unanunua na haba, au tairi zima la mbele. Na kama baiskeli yako ina breki za raba zinazobana rimu, angalia kama uma mpya una vishikizo vyake. Nyingi za upepo hazina, zimeachia nafasi ya diski tu. Uma wa bei poa unaweza kukuletea diski, kibanio chake na haba, na mwishowe umelipa mara mbili.

"Mwendo mrefu ndiyo nguvu"

Mwendo ni umbali ambao shokapu inaweza kubonyea, na fremu nyingi za kawaida zilichorwa kwa shokapu ya mwendo wa milimita 80 au 100. Mtu anaona ya 140 kwenye picha za mabingwa, anaitaka. Kila milimita 20 unazoongeza zinalaza pembe ya shingo kwa takriban digrii moja, zinainua pedeli kutoka ardhini na kukusogeza nyuma. Ukipanda kilima, tairi la mbele linaanza kuyumba kama mlevi. Ukishuka, uma mrefu unaivuta shingo kwa nguvu ambayo fremu haikujengewa, na nyufa huanzia chini ya shingo, mahali ambapo wengi hawatazami. Milimita 100 zinazofanya kazi vizuri zinatosha njia zote za Pugu nizijuazo. Ukitaka kuongeza, isizidi milimita 20.

"Za upepo ni za Wazungu, hapa zitapasuka"

Nimelisikia hili hata kwa mafundi ninaowaheshimu. Shokapu ya kwanza ya RockShox, RS-1, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa ya upepo na mafuta. Greg Herbold alishinda mashindano ya dunia ya mteremko huko Durango, Marekani, mwaka 1990, akiwa na shokapu za kampuni hiyo. Teknolojia hii ina umri wa watu wazima wenye familia.

Kwetu ina faida ambayo springi ya chuma haina. Springi ya chuma hukatwa kwa ajili ya mtu wa uzito wa kati. Ukiwa na kilo 55 haibonyei vya kutosha, ukiwa na kilo 95 inagonga chini, na springi nyingine ya kubadilisha ni kazi kuipata mjini. Ya upepo unaijaza kulingana na uzito wako. Mara nyingi kuna karatasi imebandikwa mguuni inayoonyesha kiasi. Kisha panda baiskeli ukiwa na mkoba wako na maji yako, utulie: shokapu inatakiwa izame kati ya asilimia 15 na 25 ya mwendo wake. Kwa milimita 100, ni milimita 15 hadi 25. Funga uzi mwembamba kwenye mguu wa juu, utakuonyesha.

Ila inadai pampu yake maalumu, ndogo, yenye geji. Kompresa ya gereji haifai: nafasi ya ndani ni finyu, na mpigo mmoja unaweza kupita kiwango. Pampu hiyo iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, au mchangie watatu wanne mnaopanda pamoja.

Hapo hapo niseme kuhusu kile kirungu cha juu cha shokapu za springi ya chuma, ambacho wengi huamini kinaifanya springi iwe ngumu. Hakibadilishi ugumu wake. Kinaikandamiza kidogo tu, ili shokapu izame pungufu au zaidi kidogo kuliko awali. Aliye mzito akikikaza hadi mwisho, bado atagonga chini.

"Mtumba wenye jina ni bora kuliko kipya"

Wakati mwingine, naam. Mtumba wa Recon uliotunzwa unaushinda uma mpya usio na mafuta ndani, tena kwa mbali. Lakini jina halizuii kutu wala mikwaruzo. Pitisha ukucha kwenye miguu ya juu, ile inayozama ndani ya miguu ya chini, juu hadi chini, pande zote. Ukucha ukikwama, sili (raba zinazozuia mafuta yasitoke) zitaliwa na mafuta yatavuja. Miguu ya chuma kwa upepo wa chumvi wa Kigamboni na Kunduchi huota vidoa vya kutu nyuma, upande unaotazama tairi, geuza uone. Ile ya alumini haishiki kutu, ila rangi yake ikifutika mahali pamoja na kung'aa, imelika. Kisha bana breki ya mbele, weka vidole kwenye maungio ya mguu wa juu na wa chini, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mguu unacheza kwenye vidole, bushi za ndani zinazoushikilia zimekwisha, na hizo si kazi ya kijiweni.

"Baiskeli ya mlimani bila shokapu nzuri haipandiki"

Kama safari zako ni Kimara hadi Posta, Tegeta hadi Mwenge, lami na matuta, usitumie fedha hii kabisa. Anza na tairi. Mafundi wetu hujaza hadi mpira uwe jiwe, kwa imani kwamba unatembea. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi pana la inchi 2.1 lenye tyubu, paundi 30 hadi 35 zinatosha njia ya vumbi, na tofauti utaisikia viganjani kabla hujatoka mtaani kwako. Hata uma mgumu usio na shokapu, ukiwa na urefu unaolingana na ule uliotoka, unapunguza zaidi ya kilo nzima na hauna cha kuharibika. Rafiki yangu wa Goba alifanya hivyo na makorongo ya kwao bado anayapita.

Ila ukishanunua nzuri, ihudumie. RockShox wenyewe wanataka miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kuwekwa mafuta mapya kila saa 50 za kupanda. Kwa anayepanda Pugu kwa muda wa saa 5 kila Jumamosi, hizo ni wiki 10, na wakati wa masika ningewahi zaidi. Mafuta yenyewe ni kidogo, mililita chache kila mguu, na yawe ya shokapu; oili ya injini si yake, na dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu huosha grisi na kuacha sili zikiwa kavu. Ifungueni na fundi wako mkiwa pamoja, mwanzo hadi mwisho, ajifunze na wewe ujifunze. Mafuta ya zamani yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia: badilisha sili siku hiyo hiyo, kabla miguu haijaanza kuliwa.