Mwalimu wa muziki akienda BTP: yasemwayo na yaliyo kweli

Nimekaa nyuma ya madarasa mengi, kwenye madawati ya watoto, nikisikiliza wanachuo wangu wakifundisha muziki kwa mara ya kwanza. Kabla hawajaondoka chuoni kwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, wanakuwa wamebeba mambo waliyoyasikia mabwenini, kwenye kwaya, hata kwa walimu wenzangu. Mengine yanawaumiza wao. Mengine yanawaumiza watoto, na hayo siwezi kuyanyamazia.

"Anayejua muziki anajua kuufundisha"

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote. Kijana amefundisha kwaya kanisani, anasoma solfa, zile do, re, mi, kama anavyosoma gazeti. Anaingia Darasa la Nne, anaanzisha wimbo pale koo lake lilipozoea, sauti ya nne, yaani besi. Watoto wanamtazama. Wapo wanaoshuka naye hadi wananguruma, wapo wanaopanda mpaka sauti inakatika, na wapo wanaonyamaza. Anatoka pale akiandika kwamba darasa halina vipaji.

Kilichotokea ni kwamba wimbo ulianzishwa mahali wasipofika. Watoto wengi wa umri huo huimba bila kujikaza kati ya D iliyo juu tu ya C ya katikati ya kinanda, na A inayoifuata. Mwanamume akiimba panapomfaa yeye huwa oktavu nzima chini yao, yaani do ileile lakini ya ngazi ya chini, na mtoto asiyezoea hajui kwamba anatakiwa kuipokea nota hiyo kwa juu. Dawa si ngumu: apate nota ya kuanzia kwenye kinanda au filimbi, aimbe kwa sauti nyembamba ya juu, au amwombe mtoto mmoja anayeweza awaanzishie wenzake. Lakini kwenye kwaya ya watu wazima hakuna kitakachomfundisha hilo. Hufundishwa na watoto wenyewe, na mara nyingi anayeligundua kwanza ni mtu aliyekaa nyuma ya darasa.

"Mtoto yule hana sikio"

Inafuatiwa na amri mbaya kuliko zote: "Wewe tikisa midomo tu, usitoe sauti." Nimekutana na watu wazima wanaoikumbuka siku hiyo mpaka leo. Wapo kweli wanaozaliwa na shida ya kutofautisha nota, lakini ni wachache sana. Wengi wanaoitwa hivyo hawajapata nafasi ya kuitafuta sauti yao bila kuchekwa.

Na kuna jambo la hapa kwetu ambalo vitabu vya ng'ambo havimwandai mwanachuo nalo. Mchukue anayepangiwa shule ya kijijini Dodoma. Wagogo wana uimbaji wa sauti nyingi ambao wanamuziki wa dunia wanausifu, na mwanamuziki wao Hukwe Zawose aliufikisha mbali. Nota zao hufuata sauti zinazozaliwa ndani ya sauti moja, kama zile zinazosikika uzi wa zeze ukiguswa kidogo huku unapigwa. Sauti ya saba katika mfuatano huo iko chini ya nota iliyo karibu nayo kwenye kinanda kwa takriban theluthi moja ya nusu toni, ambayo ndiyo hatua ndogo kuliko zote kwenye kinanda. Mwanachuo akiisikia nota hiyo darasani anadhani watoto wanakosea, anairudia mara tatu, watoto wanairudisha vilevile mara tatu. Mimi naona hapo ndipo msimamizi wa mazoezi anayeijua nchi yake ana thamani kuliko mwenye shahada tano. Atamwambia kijana: uliza kwanza wanaimbaje kwao, halafu wafundishe na ya kinanda kama nota nyingine, bila kuita yao kosa.

"Bila piano hakuna kipindi"

Si kweli, na sitalikawilia. Makofi, kayamba, ngoma, vifuu vya nazi, na koo la mwalimu vinatosha kufundishia mapigo na mwendo. Ishara za mkono za solfa, alizozieneza John Curwen huko Uingereza karne ya 19, hazihitaji umeme wala bajeti.

"Shule imepata msaidizi wa bure"

Mwalimu wa somo akimkabidhi mwanachuo chaki na kwenda mjini, mwanachuo anapoteza jicho lililokuwa limwone kila siku. Msimamizi wa chuo huja mara chache tu. Tangu Januari 2024 shule za msingi zimeanza kuwa na somo la Sanaa na Michezo, kwa hiyo wanachuo wengi zaidi watajikuta wakifundisha muziki, wakiwemo ambao hawakuusomea. Hao ndio wanaohitaji zaidi mtu wa kukaa nao.

"Msimamizi anakuja kukamata makosa"

Hata mimi niliamini hivyo. Nilipokuwa mwanachuo nilisikia msimamizi anakuja Jumatano, basi Jumatatu na Jumanne nikawakaririsha watoto wimbo uleule mpaka wakauimba kama kinasa sauti. Andalio la somo lilikuwa safi, azimio la kazi limepigiwa mistari. Kipindi kilipita bila kikwazo. Tulipotoka tukaketi chini ya mwembe, mzee yule akaifunga fomu yake na kuniuliza swali moja: "Mwanangu, katika wale watoto, nani hakuimba?"

Sikujua. Nilikuwa nimesimama ubaoni kipindi kizima, nikisikia darasa kwa jumla. Hakunigombeza. Alinionyesha kwa mkono njia ya kupita kati ya madawati, taratibu, sikio likiwa usawa wa vichwa vyao, huku wimbo ukiendelea.

Wiki iliyofuata nilifanya hivyo. Safu ya tatu, karibu na dirisha, kulikuwa na mvulana ambaye nilishaandika kwenye daftari langu kwamba hawezi. Alikuwa akiimba wimbo wote, kila neno na kila nota, sawasawa kabisa, hatua tano chini ya wenzake.