Udongo mkavu juu haumaanishi bustani ina kiu
Wengi wakiona udongo umekauka juu hudhani mipira ya matone iliyofukiwa (mabomba laini yenye matundu yanayotoa maji tone kwa tone) haifanyi kazi, wakaongeza muda wa kumwagilia. Sivyo. Mpira uliolazwa sentimita 10 hadi 15 chini ya nyasi hulisha mizizi moja kwa moja. Uso mkavu ndio akiba yenyewe, kwani jua halipati maji ya kukausha. Chimbua kidogo kwa kisu: udongo wa chini ukishikamana kiganjani ukiufinya, unyevu upo.

Kinachoharibu kweli ni kukosa vali ya kuingiza hewa sehemu ya juu kabisa ya mfumo. Maji yakifungwa bila hewa kuingia, mpira hunyonya tope la nje kupitia matundu yake, nayo huziba pasipoonekana. Chujio la mikroni 130 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) halizuii hilo, kwani huchuja maji yanayoingia tu. Mbegu zilizopandwa karibuni ndizo zimwagiliwe kwa juu.