Mita 600 za Husedalen si mita 600 za Kilimanjaro

Wiki iliyopita nimepokea tena ujumbe ule ule, safari hii kutoka kwa Mtanzania mwenzangu aishiye Oslo: "Kaka, nimeona njia ya Husedalen inapanda mita 600 tu. Mimi nilifika Uhuru mwaka juzi, kwa hiyo nitakuja na watoto, na saa sita mchana tutakuwa tumesharudi." Huo ni ujumbe wa saba wa aina hiyo tangu theluji ianze kuyeyuka. Kwa kuwa nilianza kazi hii nikiwa mpagazi, kisha nikaongoza wageni Kilimanjaro kwa miaka tisa kabla sijahamia Hardanger, magharibi mwa Norwe, naomba niseme, bila kuuvunjia heshima mlima ulionilea, kwamba kufika Uhuru hakumwandai mtu kwa njia za maporomoko ya maji katika fyordi za Norwe (ghuba nyembamba za bahari kati ya milima), na mara nyingine humharibu kabisa.

Kinachomshinda mtu Kilimanjaro ni hewa. Kwenye mita 5,895 kila pumzi humpa takriban nusu ya oksijeni anayoipata akiwa pwani, na ndiyo maana tunawaimbia wageni "pole pole" mpaka wanatuchoka. Njia yenyewe, ukiuacha Ukuta wa Barranco na ile changarawe ya usiku wa mwisho, ni njia ya kutembea tu, na mgeni hubeba maji na koti la mvua huku mengine yote yakiwa kichwani kwa mpagazi. Husedalen, bonde linaloanzia kijiji cha Kinsarvik, njia haifiki hata mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mapafu hayana kazi kubwa huko. Wanaoteseka ni magoti, vifundo vya miguu na macho.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi zaidi, nalo ni hesabu ya wastani. Mtu huchukua mita 600, akazigawanya kwa kilomita sita za kwenda, akapata mwinuko wa mita 10 kwa kila mita 100, akaridhika. Wastani huo haupo popote bondeni. Fyordi ya Hardanger ilichongwa na barafuto nene sana, yaani mto wa barafu unaosogea polepole, ilhali mabonde ya pembeni yalichongwa na barafuto nyembamba ambazo hazikuweza kuchimba kwa kina kile kile; barafu ilipoondoka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, bahari ikaingia katika bonde kuu, na mabonde madogo yakabaki yakining'inia juu, mito yake ikiwa haina namna ya kufika baharini ila kuruka. Mto Kinso unashuka kutoka uwanda wa Hardangervidda kwa namna hiyo hiyo, kama maji yanayomwagwa juu ya ngazi: Tveitafossen mita 103, Nyastølsfossen mita 115, Nykkjesøyfossen mita 49, na mwisho Søtefossen mita 247. Kati ya poromoko moja na jingine unatembea penye nyasi na kinamasi, karibu tambarare, ukipiga soga. Kisha unafika kwenye kidato cha ngazi hiyo, na pale kidatoni unapanda kwa mikono na miguu, juu ya mizizi na mawe, mpaka kidato kiishe. Mwinuko karibu wote umekusanyika humo. Tena poromoko haliwezi kuwa mahali pengine isipokuwa kwenye kidato, kwa hiyo anayetaka kuliona kwa karibu amejichagulia mwenyewe sehemu mbaya kuliko zote za bonde, na ndiyo hiyo inayoloweshwa na rasharasha mchana na usiku, hata kama mvua haijanyesha kwa wiki mbili.

Kanuni mashuhuri ya kukadiria muda wa safari, aliyoitoa mpanda milima Mskoti Naismith mwaka 1892, humpa mtembeaji kilomita tano kwa saa na kumwongezea saa moja kwa kila mita 600 anazopanda. Kwa kanuni hiyo, kilomita 12 za Husedalen kwenda na kurudi zingekwisha kwa takriban saa tatu na nusu. Mimi huwaambia wageni saa tano hadi sita, na wapo walionichukua nane. Kanuni hiyo ya awali haihesabu kabisa kushuka, na kushuka ndiko kunakovunja watu, kwa sababu unarudi kwenye vidato vile vile umechoka, huoni unapokanyaga, na mwamba umeinamia upande unaokwenda.

Mwamba wenyewe Wanorwe huuita svaberg: jiwe lililosuguliwa na barafu hadi likawa laini kama sinia. Likiwa kavu, soli hushika vizuri mno. Likilowa na kuota ule utando wa kijani, hakuna kiatu ninachokiamini. Msimu uliopita nilikuwa na bwana mmoja, mpanda Kilimanjaro wa mara mbili, ambaye karibu na Nyastølsfossen alikanyaga jiwe jeusi lililong'aa, akaketi kitako bila kutaka, akateleza mita nne hivi polepole, viganja vyote viwili vikitafuta pa kushika, mpaka kiatu kikakwama kwenye shina la mti mdogo. Chini ya mti ule palikuwa na mto. Hakuumia. Lakini nilikuwa nimemwona akikanyaga ovyo tangu kidato cha kwanza, nikanyamaza, kwa kuwa alikuwa mtu mzima na nilimwonea haya. Kosa lile lilikuwa langu.

Kuhusu fimbo za kutembelea nimebadili msimamo mara tatu. Huokoa magoti wakati wa kushuka, sibishi. Ila ncha ya chuma huteleza juu ya svaberg, na mtu mwenye fimbo mikononi hawezi kushika mzizi. Kwa sasa nasema zifungwe mkobani kwenye vidato. Mwakani huenda nikasema jingine.

Juu ya maji nitapita haraka. Mwezi wa Mei na Juni mto hujazwa na theluji inayoyeyuka, na kwa kuwa jua hufanya kazi mchana, kijito ulichokiruka asubuhi kinaweza kukufika magotini jioni. Na msifikiri kila poromoko lipo mwaka mzima: Mardalsfossen, ambalo watu walijifunga minyororo kulitetea mwaka 1970, akiwemo mwanafalsafa Arne Næss, maji yake yaliingizwa kwenye mitambo ya umeme hata hivyo, na leo hufunguliwa kwa watalii kuanzia tarehe 20 Juni hadi 20 Agosti.

Kaka wa Oslo nimemjibu kwamba aje na watoto, ila tutaanza saa mbili asubuhi. Tukishapanda mawe ya mwanzo kando ya Tveitafossen, nitamwomba ashuke hatua 10 huku nikitazama miguu yake, wala sitamuuliza habari za Uhuru. Akishuka kama mtu anayehofia kumwaga uji, tutaendelea. Akishuka kwa kujirusha, tutafungua chupa ya chai papo hapo, watoto watupe vijiti mtoni, na saa sita mchana atakuwa amesharudi kama alivyotaka.