"O Fortuna" si wimbo wa watawa wa kale

Ile kwaya nzito inayosikika kwenye matangazo na trela za filamu, "O Fortuna", wengi huamini ni wimbo wa kanisani wa enzi za kati, na wengine huiita dua ya shetani. Si kweli. Maneno ndiyo ya kale. Muziki ni wa Carl Orff, mtunzi wa Ujerumani; ni sehemu ya kazi yake "Carmina Burana", iliyopigwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1937. Kwaya ile inabebwa na ala kama piano 2 na ngoma 5 za timpani. Hakuna monasteri ya karne ya 13 iliyokuwa na ala hizo.

Mashairi ya kazi hiyo yanatoka kwenye mswada ulioandikwa takriban 1230 na kupatikana 1803 katika monasteri ya Benediktbeuern, Bavaria. Mengi ni ya mapenzi, ulevi, kamari na kejeli kwa viongozi wa kanisa. Shairi hili lenyewe ni malalamiko dhidi ya bahati, inayokua na kupungua kama mwezi. Shetani hatajwi.

Baadhi ya mashairi yana alama za muziki juu ya maneno, ila hazina mistari: zinaonyesha sauti inapanda au inashuka, bila kusema kwa kiasi gani. Hivyo lahani hurejeshwa tu pale mswada mwingine unapoihifadhi kwa uwazi zaidi. Orff hakuzitumia.

Kingine kilicho cha kale kweli ni picha inayowekwa kwenye majalada mengi ya albamu za kazi hii: gurudumu la bahati. Mfalme ameketi juu, mmoja anapanda, mwingine anaporomoka taji likimtoka, wa nne amelala chini.