Herufi C haimaanishi "acha iishe"

Wiki iliyopita nimeletewa tena jedwali la stoo ya dawa lililopangwa kwa bei ya kipande kimoja: za ghali juu, zimeandikwa A, za bei nafuu chini, zimeandikwa C. Aliyelipanga ni kijana mwenye bidii na hakulibuni, alifundishwa hivyo kazini. Nimeshalieleza jambo hili kwa mdomo mara nyingi mno, basi leo naliandika.

Herufi hizo ni za hesabu ya ABC, inayogawa dawa kwa fedha zinazokula kwa mwaka: A ni zinazokula nyingi, B za kati, C kidogo. Bei ya kipande haitoi herufi. Chukua matumizi ya mwaka, zidisha kwa bei, ndipo upange. Tuseme parasetamoli ni shilingi 20 kidonge na hospitali inatoa vidonge 600,000 kwa mwaka: hiyo ni milioni 12. Tuseme ipo sindano ya shilingi 180,000 inayotumika mara sita kwa mwaka: 1,080,000. Parasetamoli ndiyo inayokula bajeti, kwa hiyo ndiyo A, ya kuhesabiwa kila mwezi na kuagizwa kidogo kidogo ili fedha isilale rafuni. H. Ford Dickie wa General Electric alipoueleza utaratibu huu mwaka 1951, alikuwa akitafuta fedha nyingi imelala wapi. Hakuwa akizungumzia wodi ya wazazi.

Na hapo ndipo panaponiumiza. Mtu akishapata herufi zake, huanza kuzisoma kama vyeo. C ikiisha, utasikia, "Tutaiweka kwenye oda ya robo ijayo."

Mama mwenye kifafa cha mimba hupewa magnesiamu salfeti. Ikizidi mwilini, pumzi hupungua, na kinachotakiwa papo hapo ni kalsiamu glukonati. Ampuli zake ni za bei ndogo, na kwa mwaka mzima huenda zikafunguliwa chache sana. Kwa hesabu ya ABC itakaa mkiani mwa C kila mwaka, na hesabu haijakosea. Aliyekosea ni anayeiuliza swali lisilo lake. ABC inajibu kuhusu fedha. Kuhusu mgonjwa tunayo VEN, yaani kupanga dawa kwa umuhimu wake: V ni dawa ambayo ikikosekana mtu anakufa, E ni dawa muhimu, na N ni isiyo ya lazima. Dawa moja hubeba herufi mbili, na hiyo ya C na V ndiyo ya kuwekewa akiba nene kuliko zote.

Tena ni rahisi kuilinda! Ukiweka akiba ya miezi 6 ya dawa ya kundi A umefunga fedha ya hospitali. Ukiweka ya C, mhasibu hata hatagundua. Kazi yako ni kuangalia tarehe za mwisho wa matumizi tu. Kwangu mimi, C ndiyo dawa isiyo na kisingizio cha kuisha.

Sasa yanayonisumbua mimi mwenyewe. Leja haisemi kweli yote. Dawa iliyokosekana miezi 4 itaonyesha matumizi madogo, itashuka kundi, itaagizwa kidogo, na itakosekana tena. Huwa nagawanya matumizi kwa miezi 8 iliyokuwepo, kisha nazidisha kwa 12. Lakini dawa ikirudi baada ya kukosekana, wodi huichukua kwa pupa, kwa hiyo hata namba hiyo siiamini sana.

Halafu zipo bidhaa za miradi msonge, yaani miradi ya ugonjwa mmoja yenye ugavi wake, kama dawa za kufubaza VVU, ambazo hospitali hainunui. Ukiandika bei sifuri, sifuri mara chochote ni sifuri, na zinaangukia C pamoja na pamba. Wenzangu huziondoa kwenye orodha. Mimi huzipa bei ya soko, kwa kuwa zinachukua nafasi stoo na mwizi hasomi ankara, ingawa sina hakika kwamba njia yangu ni bora.

Na ule mpaka wa kundi A, kwamba ni dawa za juu kwenye orodha hadi zifikishe asilimia 80 ya fedha ya mwaka, ni makubaliano tu. Mimi hukata pale namba zinapoporomoka ghafla, na kuna miaka haziporomoki popote.

Kijana nimemwambia aongeze safu mbili: miezi ambayo dawa ilikosekana, na VEN. Jumatatu tunakaa na muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi. Safu ya V sithubutu kuijaza peke yangu.